SOMO LA KIKUNDI: Makumbi ya Nazi ni Mali, na Mikono Yetu Pia





Somo la mara hii ni la watu wa minazi, hasa sisi wa Kilifi na Kwale. Karibu kila mji una mnazi wake, na nyuma ya kila jiko kuna lundo la makumbi. Nazi ikishafuliwa, nyama yake inakunwa, tui linaingia kwenye mchuzi, chicha wanapewa kuku, na kifuu kinatumika jikoni badala ya makaa. Lakini kumbi linatupwa. Kama lina bahati litachomwa jioni kufukuza mbu.

Vikundi vingi vya akina mama na vijana vimeanza kuuliza: je, haya makumbi hayawezi kutuletea shilingi? Jibu ni ndiyo, yanaweza. Ila kuna neno moja la kuongeza, na neno hilo ndilo kiini cha somo hili: makumbi ni ya bure, lakini kazi ya makumbi si ya bure. Kikundi kisichohesabu jasho la wanachama wake kitauza vitu vizuri sana na bado kitabaki maskini. Halafu watu watasema ati mradi ulikuwa mbaya.

LENGO LA SOMO

Baada ya kusoma na kujadiliana, kikundi kiweze:

1. Kutoa usumba katika makumbi bila kuharibu maji, ufuo wala afya.
2. Kutengeneza vitu vitatu vya nyumbani: brashi ya kusugulia sufuria, kamba, na mkeka wa mlangoni wa kupangusia miguu.
3. Kupanga bei, na kugawana pesa kwa haki.

1. TULIJUE KUMBI LENYEWE

Ukipasua kumbi utaona vitu viwili. Kuna nyuzi ndefu, ambazo wazee wetu waliziita usumba. Na kuna unga wa rangi ya kahawia ulioshikamana na nyuzi hizo. Kwa uzito, usumba ni karibu theluthi moja tu ya kumbi kavu. Sehemu kubwa iliyobaki ni unga. Kwa hiyo anayetupa unga anatupa zaidi ya nusu ya mali yake. Tutaurudia huo unga mbele kidogo.

Usumba una sifa moja kubwa: hauozi upesi, hata ukiwa ndani ya maji ya chumvi. Mababu walilijua jambo hili. Mitepe, yale majahazi ya kale ya upande wa Lamu, mbao zake hazikupigwa misumari. Zilishonwa kwa kamba za usumba, na vyombo hivyo vilisafiri baharini. Vitanda vya kamba vilisukwa kwa usumba pia. Baadaye kamba ya nailoni ilikuja, ikawa rahisi kununua, na mikono mingi ikasahau kusokota. Lakini kamba ya nailoni ikichakaa inabaki shambani na ufuoni miaka na miaka. Ya usumba ikichakaa inarudi kuwa udongo.

Serikali yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017. Wengi tulilalamika siku zile, kisha tukazoea vikapu na mifuko ya kitambaa. Hiyo ni dalili kwamba mtu anaweza kubadilika akipata kitu kingine cha kushika mkononi. Kazi yetu ni kuweka kitu hicho sokoni.

Tena lundo la makumbi lina hatari yake. Makumbi na vifuu vilivyoangalia juu vinashika maji ya mvua, na humo mbu wa mchana wanazaa. Mbu hao ndio wanaoeneza homa ya dengi na chikungunya. Mombasa ilipata mlipuko wa dengi mwaka wa 2013, na wa chikungunya mwishoni mwa 2017 kuingia 2018. Moshi wa jioni hausaidii kitu kwa mbu anayeuma mchana. Kinachosaidia ni kuondoa mahali anapozalia.

2. KULAINISHA MAKUMBI

Nyuzi na unga vimeshikanishwa na kitu kama gundi. Lazima gundi hiyo ilegee kwanza. Kuna njia mbili.

Njia ya kufukia. Hii ndiyo ya wazee. Makumbi yanafukiwa kwenye shimo ufuoni, mahali ambapo maji yanajaa na kupwa, halafu yanafunikwa kwa mchanga na mawe ili yasichukuliwe na bahari. Yanakaa miezi kadhaa. Huko Kerala, India ya kusini, hukaa miezi 6 hata 10. Vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho vinakula ile gundi, na usumba unatoka laini na wa rangi nzuri. Huu ndio usumba bora wa kusokota kamba nyembamba.

Lakini tahadhari. Maji ya makumbi yanayooza yananuka kama mayai viza, yanakuwa meusi, na yanaishiwa hewa ambayo samaki wanaihitaji. Huko Kerala, sehemu za maji zilizojazwa makumbi kwa miaka mingi zimeharibika, na wavuvi wamelia. Kwa hiyo:

- Msifukie katika mto, bwawa la mifugo, wala karibu na kisima.
- Msichimbe katikati ya mizizi ya mikoko. Hapo ndipo watoto wa samaki, kamba na kaa wanapokulia.
- Zungumzeni kwanza na wavuvi na kamati ya ufuo wenu. Mahali pa kuvutia mtumbwi si mahali pa kufukia makumbi.
- Fukieni kidogo kidogo, mahali ambapo maji ya bahari yanapita na kusafisha.

Njia ya pipa. Hii inawafaa walio mbali na bahari, kama watu wa Kaloleni au Ganze, na wale wasiotaka kungoja. Pasua kila kumbi vipande vinne, loweka kwenye pipa lenye maji wiki moja hadi mbili, na ubadilishe maji kila baada ya siku chache. Funika pipa kwa gunia au wavu ili mbu wasitage. Maji ya kahawia yanayotoka yamwage kwenye shimo lililo mbali na kisima, upande wa chini wa mteremko. Usumba wa njia hii ni mgumu na mzito zaidi. Kwa kamba nyembamba haufai sana, lakini kwa brashi na mkeka wa mlangoni unafaa kabisa. Kikundi kinachoanza nakishauri kianze na pipa.

3. KUPIGA, KUOSHA NA KUCHANA

Toa kumbi likiwa bado na maji. Vua ganda la nje, lile jembamba na gumu. Weka kumbi juu ya gogo au jiwe bapa, ulipige kwa rungu la mti mpaka nyuzi ziachane. Usipige kumbi kavu. Vumbi lake linaingia mapafuni, na jioni utakohoa kama mtu aliyefanya kazi kwenye kinu. Hata likiwa na maji, funga kitambaa puani.

Tandika gunia chini ili unga usipotee. Kisha osha nyuzi na uzianike kivulini, penye upepo.

Zikikauka, zichane. Chanuo linatengenezwa hivi: chukua kipande cha ubao, pigilia misumari mirefu mistari miwili au mitatu, ncha zitokee upande wa pili. Funga ubao kwenye benchi, ncha juu, na uvute nyuzi hapo kama unavyochana nywele. Nyuzi ndefu weka peke yake: hizo ni za kamba na brashi. Fupi weka peke yake: hizo ni za kujazia mito ya viti. Chanuo lifunikwe kazi ikiisha, maana watoto wanapita. Na usumba mkavu usiwekwe jikoni. Unashika moto upesi mno.

4. VITU VITATU VYA KUANZA

(a) Brashi ya kusugulia sufuria

Hii ni rahisi kuliko zote, na kila nyumba inaihitaji. Chukua konzi ya nyuzi ndefu, urefu wa shibiri mbili. Zilinganishe, zikunje katikati, ziwe unene wa kifundo cha mkono. Funga kamba kwa nguvu karibu na mkunjo. Shuka vidole vitatu, funga tena. Hapo katikati ya vifungo viwili ndipo pa kushika. Kata ncha za chini kwa panga kali ili ziwe sawa. Basi. Kabla ya kuuza, ivute kwa nguvu mara kumi. Ikitoa nyuzi nyingi, kifungo kimelegea, funga upya. Mteja anayepata nyuzi ndani ya ugali hatarudi.

(b) Kamba

Lowesha usumba kidogo. Chukua mafungu mawili membamba yaliyo sawa. Kila fungu lisokote kuelekea upande mmoja, tuseme kulia. Yakishakaza, yazungushe pamoja kuelekea kushoto. Siri ya kamba ni hiyo: kila fungu linataka kufunguka upande wake, na kwa kutaka hivyo linamkaza mwenzake. Kabla fungu halijaisha, ongeza nyuzi mpya. Usingoje liishe ndipo uunge. Na usiongeze kwenye mafungu yote mawili mahali pamoja, kwa sababu kamba itakatikia hapo.

(c) Mkeka wa mlangoni

Tuchukue mkeka wa umbo la yai, urefu sentimita 60 na upana 40.

Sokota kamba nene kama kidole cha mwisho. Chukua kamba tatu, zisuke kama unavyosuka nywele za mtoto wa shule, upate msuko wa upana wa sentimita 3 hivi. Kwa mkeka huu unahitaji msuko wa karibu mita 6 na nusu. Kwa kuwa kusuka kunafupisha kamba, kila moja ya zile tatu iwe na mita 8 na nusu. Zote pamoja ni kama mita 26. Andaa makumbi ya nazi kama 25.

Ili umbo litoke sawa, mstari wa kwanza wa katikati uwe na urefu wa sentimita 20. Hesabu yake ni urefu wa mkeka ukitoa upana wake: 60 toa 40. Kisha zungusha msuko kuufuata mstari huo, na ushone ubavu kwa ubavu kwa shazia na uzi wa katani. Shonea mezani au sakafuni, siyo mapajani. Ukishonea mapajani mkeka utajikunja kama sahani. Kwenye kona legeza msuko kidogo. Mwisho, ingiza ncha upande wa chini na uishone mara tatu.

Rangi? Iacheni ile ya Mungu. Zamani watu walichemsha magamba ya mikoko kupata rangi nyekundu, lakini mkoko ukiambuliwa gamba unakufa. Hatuwezi kusema tunatunza mazingira mlangoni huku tunayaua ufuoni.

5. UNGA USITUPWE, NA MNAZI USINYIMWE

Ule unga uliokusanywa kwenye gunia unashika maji kama sponji. Uoshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara mbili au tatu, mpaka maji yasiwe ya kahawia sana. Kama makumbi yalifukiwa ufuoni, osha zaidi, kwani chumvi inaua miche. Halafu uchanganye na samadi na uuache uoze pamoja nayo kwa miezi miwili au zaidi. Unga peke yake hauna chakula cha kutosha kwa mche. Ukiwa tayari, changanya na udongo, nusu kwa nusu, upande mchicha, sukuma au miche ya mipapai.

Jambo la pili ni la haki kwa mnazi wenyewe. Kumbi lina potasi nyingi, na potasi ndiyo chakula ambacho mnazi unakipenda sana. Tukibeba makumbi yote kila mwaka kwenda sokoni, tunamnyima ng'ombe majani huku tunataka maziwa. Kwa hiyo tengeni sehemu, kwa mfano nusu, irudi shambani. Chimba mtaro kuzunguka mnazi, mbali kidogo na shina, panga makumbi yakiangalia juu ili yashike maji ya mvua, kisha yafukie. Yale ya kutandaza juu ya ardhi yageuze kifudifudi ili mbu wasipate kisima.

Na tusichukue makumbi chini ya mnazi wa mtu kwa kuwa ati yametupwa. Mara nyingi mwenye mnazi ni mmoja na anayeokota ni mwingine. Siku pesa zitakapoonekana ndipo maneno yatakapoanza. Afadhali kupatana mapema.

6. HESABU YA JASHO

Sasa tunafika mahali ambapo vikundi vingi vinaanguka. Tukae hapa polepole.

Mwanachama anasema: "Mkeka nimeuuza shilingi 450, na makumbi sikununua. Nimepata faida 450." Hapana. Hebu tuhesabu. Hizi ni namba za mfano tu, si bei ya soko. Kila kikundi kiweke zake.

Mkeka mmoja:
- Kupiga, kuosha na kuchana: masaa 3
- Kusokota mita 26: masaa 4
- Kusuka na kushona: masaa 3
- Jumla: masaa 10
- Uzi wa katani na nauli: shilingi 90
- Bei: shilingi 450

450 toa 90 inabaki 360. Gawa kwa masaa 10. Kila lisaa la mama huyu limelipwa shilingi 36.

Brashi moja:
- Kazi yote: nusu saa
- Kamba na nauli: shilingi 10
- Bei: shilingi 40

40 toa 10 inabaki 30, kwa nusu saa. Kwa lisaa ni shilingi 60.

Mnaona? Mkeka ndio unaosifiwa, ndio unaopigwa picha wageni wakija. Brashi hakuna anayeitazama mara mbili. Lakini katika mfano huu, brashi ndiyo inayolisha nyumba. Ulinganishe pia na kibarua cha kupalilia kijijini kwenu. Kama kupalilia kunalipa zaidi kwa lisaa, wanachama watakimbia, na hamtakuwa na haki ya kuwaita wavivu.

Je, basi tuache mkeka? Si lazima. Kuna mambo mawili ya kujaribu. Kwanza, kupunguza masaa: chanuo zuri, makumbi yaliyolainika vizuri, na kila mtu kufanya kazi anayoiweza. Pili, kuuza karibu na mnunuzi wa mwisho. Tuseme masaa yanashuka kutoka 10 hadi 7, na bei inapanda hadi 510 kwa sababu hakuna mchuuzi wa katikati. 510 toa 90 ni 420. Gawa kwa 7, ni shilingi 60 kwa lisaa. Sasa mkeka umeifikia brashi.

Angalieni mitego miwili. Wa kwanza: wawili wakifanya kazi pamoja lisaa limoja, hayo ni masaa mawili, si moja. Wa pili: safari ya kwenda kuuza ni kazi pia, iandikwe.

Kuhusu soko, msitegemee mahoteli peke yake. Watamu, Malindi na Diani ni mahali pazuri pa kuuza mkeka, lakini mvua za masika zikianza wageni wanapungua, na hoteli nyingine zinafunga kwa muda. Brashi inauzwa Aprili kama inavyouzwa Desemba, kwa sababu sufuria zinachafuka kila siku.

7. KISA CHA KUJADILI

(Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya somo. Kisomwe kwa sauti, watu wawili watatu wakigawana maneno.)

Kikundi cha akina mama 12 kilipata oda ya mikeka 20 kutoka duka moja mjini. Duka lililipa shilingi 9,000. Gharama zilikuwa 1,800. Zilibaki 7,200. Mwenyekiti alizigawa sawasawa, kila mmoja 600. Watu wakapiga makofi. Mama Dama, mjane wa miaka sitini na kitu, hakupiga.

"Mama Dama, mbona umenyamaza?" mwenyekiti aliuliza. "Hujafurahi?"

"Nimeshukuru, mwanangu. Lakini nauliza. Mimi nimepiga makumbi tangu siku ya kwanza. Mikono ni hii, itazameni. Na wako waliokuja mara mbili. Sote ni mia sita?"

"Mama, sisi ni kikundi cha kanisa," katibu alisema. "Hukumbuki Mathayo 20? Waliokuja saa ya mwisho walilipwa sawa na wale waliotangulia."

Mama Dama alifikiri kidogo. "Nakumbuka, mwanangu. Lakini yule mwenye shamba alitoa mfukoni mwake. Sisi hapa tunatoa mfukoni mwa nani?"

Hakuna aliyejibu. Mweka hazina akafungua daftari. Kwa bahati alikuwa ameandika masaa ya kila mtu. Masaa yote yalikuwa 200. Shilingi 7,200 gawa kwa 200 ni shilingi 36 kwa lisaa. Mama Dama alifanya masaa 40. Hesabu yake ilikuwa shilingi 1,440. Aliyekuja mara mbili alifanya masaa 5, yaani shilingi 180.

Basi mwanachama mmoja akainua mkono, sauti ikitetemeka. "Mimi ndiye wa masaa matano. Mtoto wangu alikuwa amelazwa. Mnajua. Mkinikata, nitakata nini mimi?"

Kisa kinaishia hapo. Kazi kwenu.

Mimi nitasema neno moja la kuwasaidia kufikiri. Mshahara ni jambo moja, na huruma ni jambo lingine, na yote mawili ni ya lazima. Tukiyachanganya, tunamlazimisha aliye maskini zaidi kutoa sadaka bila kuulizwa. Kikundi kinaweza kulipa kila mtu kwa masaa yake, na tangu mwanzo kikatenga fungu dogo la dharura, ambalo kila mmoja amelikubali kwa hiari. Hapo mama mwenye mtoto mgonjwa anasaidiwa na wote, si na Mama Dama peke yake.

Mafundisho ya Kanisa letu juu ya ujira wa haki si mapya. Papa Leo wa 13 aliyaandika mwaka wa 1891 katika waraka wa Rerum Novarum. Hayati Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka wa 2015, alitufundisha kwamba kuitunza dunia na kumtunza maskini ni kazi moja. Mkeka uliotengenezwa bila plastiki, lakini kwa kumpunja mjane, haujatunza kitu.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Makumbi ya kijiji chetu yanakwenda wapi sasa? Ni mangapi yanaweza kutumika bila kuunyima mnazi?
2. Kwetu tutalainisha kwa pipa au kwa kufukia? Nani atadhurika tukikosea?
3. Kati ya brashi, kamba na mkeka, ni kipi kinahitajika nyumbani mwetu wenyewe kwanza?
4. Lisaa moja la kibarua kijijini kwetu linalipwa shilingi ngapi?
5. Mungekuwa katika kikundi cha Mama Dama, mngegawa vipi zile 7,200? Msitoke kabla ya kukubaliana.
6. Someni Yohana 6:12 na Yakobo 5:4. Moja inasema juu ya mabaki ambayo Bwana hakutaka yapotee, nyingine juu ya ujira uliozuiliwa. Katika kazi yetu ya makumbi, mistari hii miwili inakutana wapi?

KAZI YA NYUMBANI

Kila mwanachama atengeneze brashi moja na aitumie jikoni kwake wiki mbili kabla hatujauza hata moja. Alete ile brashi iliyotumika mkutanoni, tuone imeshika au imenyonyoka. Na kikundi kinunue daftari moja, kichore mistari minne: jina, kazi, masaa, tarehe. Asiyejua kuandika atasema, na anayejua ataandika mbele yake na kumsomea. Daftari lianze siku ya kupiga kumbi la kwanza, si siku ya kugawana pesa. Siku ya kugawana pesa kila mtu anakumbuka masaa yake kuwa mengi.

Mungu aibariki kazi ya mikono yenu.